Niin Si Ndiyo

11 Januari 1968, Alhamisi

Leo saa moja na dakika ishirini jioni, katika darasa kubwa la shule, tumepoteza Mlango. Naandika saa kamili ili asije mtu baadaye akadai kwamba ulipotea polepole. Haukupotea polepole. Saa moja na dakika kumi na tisa tulikuwa nao.

Mlango ni upenyo wa maji kati ya ghuba yetu na ziwa kubwa la Päijänne lenyewe. Upana wake ni mita 42, kina chake katikati mita 2 na sentimita 60. Nimepima mwenyewe kwa kamba, mara tatu, sitaki kuambiwa nimekisia. Ndani ya Mlango kuna ghuba: matete, tope, na sangara wa urefu wa kidole. Nje ya Mlango kuna Mgongo. Ndivyo tunavyoyaita maji mapana huku kwetu, mgongo, kana kwamba ziwa ni mnyama aliyelala. Nimezaliwa hatua mia moja na sitini kutoka majini, nina miaka ishirini, na kila siku niliyoliona ziwa kwa raha nililiona kupitia upenyo huo.

Mkutano ulikuwa wa wenye hisa za maji. Mashamba kumi na moja ya zamani ndiyo yenye hisa, na hisa ndiyo yenye mdomo. Mimi sina hisa, kwa hiyo nilikuwa na birika. Nilimimina kahawa.

Kauno Siekkinen, mwenyekiti, alieleza. Kisiwa chake kilichoko ng'ambo ya Mlango kitakatwa viwanja, watu wa mjini wajenge vibanda vya kiangazi. Watu wa mjini hawapigi makasia. Wanataka barabara. Kwa hiyo Mlango utajazwa mawe, barabara ipite juu, na chini liachwe bomba la saruji ili maji "yapumue". Upana wa bomba: mita 1 na sentimita 20.

"Jamani, hata ng'ombe atapenya," alisema Kauno, na watu wakacheka.

Mashua yangu ina upana wa mita 1 na sentimita 74.

Alfajiri, zizini, nilikuwa nimemuuliza baba kama atapinga. Mwisho wa barabara upande wetu unakanyaga ardhi yetu. Neno lake ni zito kuliko la wale kumi wengine. Alinijibu neno moja: "Nitasema." Kwa Eemeli Vaarama hilo ni hotuba.

"Mwenye neno aseme," alisema Kauno, nyundo mkononi.

Baba alisimama. Nataka iandikwe kwamba alisimama, nilimwona, goti lake la kulia lililia kama kawaida.

"Niin," alisema.

Nyundo ikagonga meza. "Asante, Eemeli. Kwa kauli moja." Watu wakainuka kufuata mikate mitamu. Baba alibaki amesimama na kofia mkononi, kisha akaketi.

Tulirudi kwa miguu juu ya barafu, kilomita mbili, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Yeye mbele, mimi nyuma.

"Baba, umesema nini pale?"

"Niin."


12 Januari

Nyuzi 27 chini ya sifuri. Sikuongea naye siku nzima. Hakugundua.


15 Januari

Nimefikiria neno hilo tangu Alhamisi. Sisi sote tunalo, lakini kwa wengine ni chumvi, kwa baba ni chakula chenyewe. Niin maana yake ndiyo. Maana yake pia nimesikia. Maana yake ngoja kwanza. Maana yake hapana, lakini sitaki tugombane. Maana yake nyamaza. Daktari alipotoka chumbani kwa mama mwaka 1959 akasema alichosema, baba alijibu niin.

Nilipokuwa na miaka saba alinipakia kwenye mtumbwi wa nyavu akapiga makasia hadi nje ya Mlango. Maji yalifunguka ghafla, kama mtu aliyevua shuka. Upepo ulikuja kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilitafuta ufuko wa pili sikuuona. Nikauliza, "Baba, ng'ambo iko wapi?" Akapumzisha makasia, akatazama kule nilikotazama mimi, akasema niin.

Nilidhani lile lilikuwa jibu. Kwa miaka kumi na tatu nimeishi juu ya jibu hilo kama nyumba juu ya nguzo. Sasa sijui hata kama alikuwa amenisikia.


20 Januari, Jumamosi

Banda la mashua. Nimepiga lami mshono wa mwisho upande wa kushoto.

Hesabu ya mashua, kwa kuwa wapo wanaosema ni mchezo wa msichana asiyeolewa: majira matatu ya baridi. Misonobari minne, niliikata mwenyewe. Misumari ya shaba 1,140, yote nimeigonga mimi. Mlingoti mita 6 na sentimita 20. Tangu nina miaka kumi na mitano napima magogo kiwandani, napanda juu ya rundo la mbao na rula ya chuma mkononi, na kila ubao wa mashua hii umetoka kwenye jasho hilo. Hakuna aliyenipa hata kipini.

Haina jina. Itapewa jina ikigusa Mgongo. Ghubani haipewi jina. Dimbwi si mahali pa kubatizia.


3 Februari

Wameanza. Nilisikia shoka kabla ya kuona watu.

Wanajenga makasha ya magogo juu ya barafu, katikati kabisa ya Mlango, mstari mmoja kutoka ardhi yetu hadi kisiwani. Ndivyo gati hujengwa huku: kasha husimama juu ya barafu majira yote ya baridi, linajazwa mawe nusu, na barafu inapoanza kulegea inakatwa kwa msumeno kuzunguka kasha, nalo linashuka lenyewe hadi chini. Babu alitengeneza gati letu hivyo. Sikuwahi kufikiri unaweza kuziba ziwa kwa njia hiyo hiyo.

Makasha tisa, kila moja mita 4 na nusu. Jumla mita 40 na nusu. Bomba mita 1.20. Jumla mita 41.70. Zinabaki sentimita thelathini.

Kauno alikuwa amesimama na fimbo yake ya kupimia, kofia ya manyoya masikio yakining'inia.

"Haya, mpimaji wetu kaja! Umekuja kutukagua, Tuovi?"

"Nimekuja kuhesabu. Zimebaki sentimita thelathini, Mwenyekiti. Humo apite nani, bata?"

"Bata aliyekonda." Wafanyakazi wakacheka. "Binti, usinune. Barabara italeta watu. Labda italeta hata mume."

"Akija kwa barabara simtaki."

"Ahaa! Anamtaka wa mashua." Akanikaribia, sauti akaishusha, sasa akawa mtu mwema, na hapo ndipo namchukia zaidi. "Sikiliza. Ivute mashua yako kwa sleji ya farasi kabla barafu haijaharibika, uiweke gatini kwangu upande wa pili. Bure kabisa. Ukitaka kutembea Mgongoni, unavuka barabara kwa miguu, unaingia, unakwenda. Tatizo liko wapi?"

Jibu nimelipata sasa, nikiwa nyumbani, kama kawaida ya ukoo wetu: tatizo ni kwamba kila nikienda majini itanibidi nipite mlangoni kwake na kusema asante.


4 Februari

Theluji. Makasha manne.


10 Februari, Jumamosi

Nilikwenda posta kwa Lyyli. Lyyli Pesonen ndiye posta, ndiye simu ya kijiji, na ndiye katibu wa wenye hisa. Na kwa kuwa mumewe alimwacha na maneno yote ya nyumba, anayatumia yeye peke yake.

"Kaa, mwanangu, una sura kama ya samaki made aliyetolewa kwenye shimo la barafu. Kunywa. Umekuja kuchukua barua au kugombana?"

"Nataka kuona kitabu cha mkutano."

"Kugombana basi." Alikitoa chini ya magazeti.

Nikasoma. Kwa mwandiko wake mzuri: *Eemeli Vaarama: niin (amekubali).*

"Hayo mabano kaweka nani?"

"Kalamu ilikuwa yangu. Mabano yalikuwa ya Kauno. Alikuja kesho yake akaniambia, Lyyli, mkoani hawataelewa niin, waandikie kwa lugha ya binadamu."

"Na wewe ulielewaje?"

Akakoroga kahawa iliyokwisha korogwa. "Mimi nilikaa mkabala naye. Baba yako alikuwa anavuta pumzi. Mdomo ulikuwa wazi, Tuovi. Mtu haachi mdomo wazi kwa neno lililokwisha."

"Anavuta pumzi kwa muda gani mtu?"

"Eemeli? Akianza Krismasi anamaliza Pasaka."

Alicheka, halafu akaona sicheki.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Siku ya mkutano, baba aliposema niin, mimi ndipo nilianza kumimina kikombe cha Kauno. Nyundo ilipogonga kikombe kilikuwa nusu. Nakumbuka kwa sababu nilishtuka nikamwaga kisahanini. Vikombe vya shule ni sawa na vyetu. Nimejaza kikombe mara tano kwa birika lile lile, saa ya babu mkononi. Kinajaa kwa sekunde nane.

Kwa hiyo nyundo ilingoja sekunde nne.


11 hadi 24 Februari

Naandika kwa jumla, kila siku haikuwa na maana peke yake.

Nimempima baba. Baada ya kila niin nilihesabu hadi neno linalofuata, kama likifuata.

Asubuhi mezani: niin, sekunde 11, "chumvi."
Zizini: niin, sekunde 16, "huyu atazaa Machi."
Kuhusu redio: niin, sekunde 9, "zima."
Njiani kanisani: niin, sekunde 22, "kiatu kimepasuka."
Kuhusu mashua yangu: niin. Nilihesabu hadi mia moja na nane, ng'ombe akalia, tukaacha.

Nimepima mara 31. Mara 24 lilifuata neno. Wastani sekunde 14. Hata mara moja halikuja chini ya nane.

Kauno amekaa naye benchi moja kanisani miaka arobaini. Anajua. Kijiji kizima kinajua kwamba baba akisema niin unaweka kikombe chini na kungoja. Aligonga sekunde ya nne kwa sababu alijua kuna ya kumi na nne.


25 Februari

Nyuzi 31 chini ya sifuri. Makasha tisa yamekamilika. Kutoka dirishani kwangu yanaonekana kama meno.


9 Machi, Jumamosi

Leo tumekwenda kutazama nyavu Mgongoni, mimi na baba, na farasi. Naandika yote.

Tulipita Mlangoni kati ya kasha la tano na la sita, pale walipoacha nafasi ya bomba. Sleji ilikwaruza pande zote mbili. Baba alitazama mbele, masikio ya farasi tu.

Nje kulikuwa na jua. Mgongo ukiwa barafu ni kitu kingine: mweupe, mpana, unaumiza macho, na chini yake unasikia ziwa likinguruma kama tumbo. Nilitoboa kwa keekee. Barafu sentimita 63. Tulivuta wavu kutoka shimo hadi shimo, vidole vikifa na kufufuka. Made saba, wabaya wa sura, ini tamu. Baba aliwapanga kwenye theluji kwa ukubwa kama askari.

Tulikaa juu ya sleji tukala mkate mweusi. Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kuhusu mabano. Nilimwambia kuhusu kikombe, sekunde nne, wastani wa kumi na nne.

Akaacha kutafuna.

"Umenipima," alisema.

"Mara thelathini na moja."

"Niin."

Nikangoja. Naapa sikuhesabu. Aliingiza mkono ndani ya koti, mfuko wa kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa mikunjoni kama noti ya zamani. Akanipa. Kwa penseli, mwandiko wake wa kuchonga:

*Niin. Maji ya Mlango si ya Kauno wala si yangu. Baba yangu alipita hapo na baba yake. Mimi sikubali.*

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba. Alikuwa ameiandika. Hata hiyo niin aliiandika!

Kwa wiki nane nimekula meza moja na mtu huyu nikimwona mwoga, na kumbe karatasi ilikuwa kifuani. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma ndani ya shimo la wavu. Kwa sababu gani hukuisoma? Kwa sababu gani kesho yake hukwenda kwake? Nilipiga kelele hadi farasi akageuza kichwa.

Akajibu, kwa vipande, kati ya kipande na kipande ungeweza kuchemsha kahawa. Nimeviunga.

"Kauno alimpeleka mama yako."

Nilijua mama alipelekwa hospitalini kwa gari juu ya barafu. Sikujua gari la nani.

"Novemba. Barafu ilikuwa sentimita kumi na tisa. Hakuna aliyekubali kuendesha. Kilomita kumi na nne. Alifungua milango yote miwili ya gari, ili tukizama tutoke. Hakusema neno njia nzima."

"Mama alifariki, baba."

"Alifariki kitandani. Hakufia humu njiani." Akainyooshea theluji mkono. "Nitamwambiaje mtu huyo hapana mbele ya watu?"

Sasa nikaelewa, na nilipoelewa nilikasirika upya, hasira nyingine, safi zaidi. Nikasimama.

"Alimpitisha wapi?"

"Nini?"

"Mama. Kauno alimpitisha wapi siku ile? Alitokaje ghubani?"

Alitazama nyuma, kule meno tisa yalikosimama.

"Hapo," alisema.

"Hapo. Basi kama unamshukuru kwa kumpitisha mama hapo, kwa nini unamwacha apazibe?"

Hakusema hata niin. Akawaokota made mmoja mmoja akawatia gunia. Karatasi alinyoosha mkono kuidai, nikampa, ikarudi kifuani.


10 Machi

Supu ya made. Ini alinipa mimi lote.


20 Machi

Lyyli amebandika tangazo posta. Mkaguzi wa maji kutoka mkoani atafika Jumatano 17 Aprili, saa nne asubuhi, kuyaona makasha kabla hayajazamishwa. Mwenye hisa aliye na pingamizi amkabidhi mkaguzi kwa maandishi yenye sahihi, siku hiyo hiyo. Baada ya hapo barafu itakatwa.

"Na hili nimelichomoa kwenye kitabu cha sheria cha marehemu baba mkwe," Lyyli alininong'oneza, posta nzima ikasikia. "Theluthi moja ya mlango wa maji, ile yenye kina kirefu, ni njia ya watu wote. Haizibwi hivi hivi. Lakini mtu mwenye hisa lazima afungue mdomo."

Theluthi ya 42 ni 14. Makasha ya nne, ya tano na ya sita yamesimama humo humo. Yakivutwa matatu hayo, pita na tanga lako.

"Kwa nini unanisaidia, Lyyli? Mabano ni ya kalamu yako."

"Ndiyo maana, mpumbavu wewe."


1 Aprili

Barafu 61. Nimeandika pingamizi, ukurasa mmoja, vipimo vyote. Nimeliweka mezani na kalamu juu yake. Jioni kalamu ilikuwa imerudishwa kwenye kopo, na juu ya karatasi palikuwa na alama ya duara ya kikombe.


5 Aprili

Barafu 58. Maji ya theluji juu yake. Baba ameisogeza karatasi kutoka mezani hadi dirishani.


9 Aprili

Barafu 55. Ameirudisha mezani. Duara la pili.


12 Aprili, Ijumaa Kuu

Kanisani Kauno aliketi kando ya baba kama siku zote. Walishika kitabu kimoja cha nyimbo. Niliimba kwa sauti mbaya makusudi.


15 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Kauno amekuja nyumbani. Alileta kilo moja ya kahawa, akavua kofia mlangoni, akamsalimu kila mtu hata paka. Mtu huyu si shetani, ingekuwa rahisi. Nilipoitazama mikono yake mezani, mikono minene yenye makovu ya msumeno, nikaiona ikishika usukani juu ya sentimita kumi na tisa za barafu, na milango wazi. Mimi ninayepima barafu kila siku najua kumi na tisa ni nini. Nilimmiminia kahawa. Kikombe kizima.

"Keshokutwa mtu wa mkoa anakuja," alisema. "Sitaki aone kijiji chenye mafarakano. Eemeli, mimi na wewe hatujawahi kuwa na neno. Msichana nimeshamwahidi nafasi gatini. Nitamjengea hata kibanda cha tanga, kwa mbao zangu. Basi. Tumeelewana?"

Baba alikuwa anatazama karatasi yangu, ilikuwa katikati ya meza kati ya sukari na maziwa.

"Niin," alisema.

Kauno akapiga kiganja mezani kwa furaha, kama nyundo kabisa, akaanza kuinuka. "Nilijua. Asante, rafiki yangu wa miaka yote..."

Nilikwenda nikasimama mlangoni, mgongo wangu ukiwa kwenye komeo.

"Keti, Mwenyekiti," nilisema. "Bado hajamaliza. Tano. Sita."

"Tuovi, una wazimu?"

"Saba. Siku ile ulingoja nne. Leo utangoja zote. Nane. Tisa."

Kauno akaketi. Uso ulikuwa umemwiva. Alijua ninachohesabu, hakuuliza. Kumi. Kumi na moja. Paka alishuka jikoni. Kumi na mbili. Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kifua kikapanda. Kumi na tatu.

"Kauno," alisema baba. "Siku ile uliniwahi."

Theluji ilidondoka paani.

"Sawa," alisema Kauno, polepole, bila sauti yake ya mikutano. "Sawa, Eemeli. Basi maliza sasa. Nipo."

Na baba, baba yangu, akafungua mdomo, akautazama uso wa mtu aliyempeleka mkewe, akaufunga. Alichukua kofia ukutani, akanisogeza mlangoni kwa mkono mmoja, taratibu kama unavyosogeza ndama, akaenda zizini. Haikuwa saa ya kukamua.

Kauno alikaa kidogo. "Umeona," aliniambia. Hakufurahi. Hata kahawa hakuimaliza.


16 Aprili

Barafu 49. Kwenye kingo za matete kumefunguka, upana wa mkono, maji meusi. Nimetia kidole. Nimekaa pale na kidole majini kama mjinga.

Lile gati la Kauno nimelikataa. Nilipeleka jibu kwa miguu: hapana, asante. Sekunde mbili.


17 Aprili 1968, Jumatano, saa kumi na moja alfajiri

Baba,

Hili daftari naliacha wazi mezani, ukurasa huu. Lisome lote kama unataka. Umo tangu mwanzo, na hukuwa mzuri humo, kisha ukawa mzuri kidogo, sasa sijui. Nimekamua mimi leo. Yule ng'ombe mwekundu hajambo. Usijifiche zizini, hakuna kazi.

Sekunde kumi za Januari nimekusamehe. Zile aliziiba Kauno. Lakini tangu siku ile zimepita siku tisini na saba, na hizo hakuna aliyekuibia. Hizo ni zako.

Sikuombi umsahau aliyempeleka mama. Mshukuru hadi kaburini, mpelekee samaki kila Jumamosi, mimi mwenyewe nitawabeba. Lakini shukrani ulipe kwa vitu vyako. Usilipe kwa maji ambayo ulinipitisha nikiwa na miaka saba, ukaniacha nitafute ng'ambo bila kuniambia kwamba haionekani.

Makasha ya nne, ya tano na ya sita bado yako juu ya barafu. Mawe yakitolewa, farasi wawili na siku moja vinatosha kuyavuta ufukweni. Barafu sentimita 49 itawabeba. Wiki ijayo siahidi.

Pingamizi liko chini ya kikombe chako, nimeshakuzoea. Kalamu iko ndani ya kikombe ili usikijaze kwanza. Kama hutaki maneno yangu, karatasi yako ya penseli iko mfukoni mwako, nayo ni bora kuliko yangu. Iwekee sahihi hiyo. Au andika hapana chini ya mstari huu, kwa herufi zako, nami nitakata mlingoti na kuichoma mashua kwenye moto wa sauna, na sitakuuliza tena neno lolote maisha yako yote.

Mkaguzi anafika Mlangoni saa nne. Mimi nitakuwa nimesimama kwenye kasha la tano kuanzia saa tatu. Kutoka hapa hadi pale ni dakika kumi na nane kwa goti lako, nimelipima.

Kunyamaza hakutahesabiwa. Niin haitahesabiwa.

Mlango ubaki wazi: ndiyo, au hapana? Nijibu kabla ya saa nne.